Sahani ya Bibi Melini

Kila alipotoka shule, kabla hata hajavua viatu, Chiriku alimsomea bibi yake. Alimsomea maelezo ya dawa na maandishi madogo madogo yaliyo nyuma ya pakiti za biskuti. Bibi alijua kusoma, lakini vitu vingi vya dukani viliandikwa kwa lugha ya kigeni. Hapo ndipo alipomwita mjukuu wake mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

"Hebu nitazamie. Humu hamna maziwa?"

"Yamo, Bibi. Tena wameyaficha mwishoni kabisa."

"Basi zile wewe."

Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Aliongea akila, akifua, hata akipiga mswaki.

Bibi alikuwa na sababu yake ya kuuliza kila kitu. Kwa miaka ishirini alikuwa amefuga kuku wa mayai. Siku moja ugonjwa uliingia mabandani, wakaguzi wakaja, wakaamuru kuku wote wauawe. Kufikia saa sita mchana mabanda manne yalikuwa kimya. Tangu siku hiyo Bibi hakutia tena mdomoni nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa. Alikula kunde, dengu, karanga, mboga na matunda, na alikuwa na nguvu za kuwashinda majirani waliokuwa wadogo kwake. Ila mwili wake ulikwisha kuyakataa maziwa. Hata yakiwa kidogo tu, yalimchafua tumbo na kumtoa vipele.

Mjomba wake Chiriku, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa fundi wa mitambo katika meli kubwa ya watalii. Mwaka huo mafundi waliruhusiwa kuchukua ndugu wawili kwa safari ya siku nane. Mjomba alipiga simu kuwapa habari, lakini alikuwa na wasiwasi.

"Mama, chakula je? Mimi nitakuwa chini kwenye mitambo, sitaweza kula nanyi. Na wahudumu wa huko juu hakuna anayejua Kiswahili."

Kabla Bibi hajajibu, Chiriku aliinamia simu. "Mjomba, usihofu! Mimi ndiye wa kwanza darasani kwa lugha ya kigeni. Nitaongea nao mpaka waombe kupumzika!"

Mjomba alicheka. "Haya, mama yuko mikononi mwako."

Alichokisema Chiriku kilikuwa nusu kweli. Chiriku alipata alama nyingi kwenye mtihani, lakini hakuwahi kuzungumza na mgeni hata mmoja.

Chumba chao melini kilikuwa katikati ya meli, mbali na upande wa bahari. Kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, choo kidogo, na mlango mzito uliojifunga wenyewe. Kulikuwa na pazia refu. Chiriku alilivuta ili atazame bahari, akakutana na ukuta mtupu.

"Wameuvalisha ukuta nguo," alisema Bibi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Jioni hiyo walikwenda kula. Ukumbi ulikuwa na meza nyingi zenye vitambaa vyeupe, na mhudumu wao alikuwa mtu mrefu mwenye tai ndogo nyeusi. Aliwapa menyu, akaanza kueleza. Chiriku alitega masikio. Maneno yalitoka mbio, yameshikana. Aliambulia "supu", akaambulia "boga", kisha mhudumu akamtazama Bibi na kuuliza jambo. Chiriku hakulielewa. Watu wa meza ya pili walikuwa wamegeuka kuwaangalia. Masikio yake yalipata moto.

"Hapana, asante," alimjibu.

Mhudumu aliandika, akaondoka.

"Amesema nini?" aliuliza Bibi.

"Amesema tujisikie nyumbani. Na supu ni ya boga tupu."

Kando ya ukumbi kulikuwa na meza ndefu ya saladi iliyotandazwa barafu. Kulikuwa na matango, kabichi nyekundu, karoti zilizokunwa, nyanya na dengu zilizochemshwa. Bibi alifurahi kama mtoto. Mwisho wa meza kulikuwa na bakuli za michuzi ya kumwagia saladi, kila moja na kikaratasi chake. Bibi aliuonyesha mmoja mweupe.

"Na huu je?"

Chiriku alisoma kikaratasi. Neno lenyewe hakulijua. Nyuma yao foleni ilikuwa imesimama, na bwana mmoja alikuwa akigongagonga sahani yake kwa kidole.

"Huo ni wa limau, Bibi. Mimina tu."

Supu ilipofika, Chiriku alionja kijiko kimoja. Ilikuwa laini, nzito, na utamu wake alikuwa akiujua. Ilikuwa na krimu. Kijiko kilimkwama mkononi. Bibi alikuwa amefika nusu ya bakuli, anamwonyesha mhudumu kidole gumba huku akimwambia kwa Kiswahili, "Huyu mjukuu wangu ndiye mdomo wangu!"

Chiriku angeweza kusema wakati ule ule. Lakini angeanzaje? Akainama, akala mkate. "Labda ni kidogo tu," alijisemea.

Asubuhi Bibi hakuweza kuinuka. Alitapika, akaharisha, akatapika tena. Daktari wa meli alikuja amevaa barakoa na glavu. Alizungumza taratibu, na Chiriku alimwelewa alipouliza Bibi alikula nini.

"Saladi na supu," alijibu. Hakuongeza neno.

Daktari alitikisa kichwa. Melini, alieleza, mtu akitapika na kuharisha huogopwa kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Bibi angebaki chumbani mpaka apone, na Chiriku pia, kwa kuwa walilala pamoja. Alitoka, akabandika karatasi nyekundu mlangoni. Baadaye kipaza sauti cha kwenye korido kilitangaza kwamba meza ya saladi imefungwa mpaka itakapotangazwa tena.

Ndipo chumba kilipoanza kuwa kidogo. Kutoka kitanda hadi mlango zilikuwa hatua nne. Kutoka mlango hadi choo, hatua mbili. Bila dirisha, mtu hakujua kama nje kuna jua au mvua. Mabomba yalinguruma ndani ya ukuta, sakafu ikatetemeka taratibu bila kukoma. Nje ya mlango Chiriku alisikia watoto wakikimbilia bwawa la kuogelea. Hatua zao zilipofika penye karatasi nyekundu, zilinyamaza, zikapita kwa kunyata.

Kila baada ya saa chache mhudumu aligonga, akaacha sinia chini na kuondoka haraka. Kilikuwa chakula cha wagonjwa: uji mweupe, mkate uliopakwa siagi, supu laini. Chiriku aliinusa supu, akajua. Aliuonja uji, akajua. Alimwaga vyote chooni wakati Bibi amesinzia, akakwangua siagi kwa kijiko na kumpa mkate. Hakujua kwamba hata mkate wenyewe ulikandwa kwa maziwa.

"Hawana ndizi hawa?" aliuliza Bibi kwa sauti iliyokauka. "Hata kiazi cha kuchemsha?"

"Wameleta hiki tu, Bibi."

Saa kumi jioni Mjomba alipiga simu ya chumbani. Nyuma yake mitambo ilivuma.

"Chiriku, wamenikataza kuja huko. Umewaambia habari ya maziwa?"

Chiriku aliutazama mgongo wa Bibi. Vazi lilikuwa limepanda, na chini yake ngozi ilikuwa imejaa vipele vyekundu, ambavyo Bibi alidhani ni vya joto la chumba.

"Nimewaambia, Mjomba."

Alipokata simu alihisi kama mtu amemkalia kifuani. Sasa uongo haukuwa mmoja tena. Kulikuwa na ule wa supu, na wa mchuzi mweupe, na wa sinia, na huu wa Mjomba. Akiugusa mmoja, wote ungemwangukia. Yule aliyeongea hata akipiga mswaki alikaa kimya siku mbili nzima.

Siku ya tatu ya kufungiwa, daktari alirudi. Alimpima Bibi, akaivuta barakoa yake vizuri puani, akamgeukia Chiriku.

"Kesho asubuhi tunatia nanga," alisema polepole. "Kama hajapata nafuu, tutamshusha aende hospitali. Mjomba wako hataweza kushuka naye, na wewe utabaki na Mjomba wako melini. Meli haiwezi kuondoka bila fundi wake."

Mlango ulijifunga. Bibi alifumbua macho.

"Kasema nini?"

Chiriku alifungua mdomo ili aseme neno zuri zuri, kama alivyozoea. Halikutoka. Akilini alimwona Bibi amelazwa katika mji asikomjua mtu, akiuliza kwa Kiswahili kama supu ina maziwa, wala hapana anayemjibu. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kulia.

"Bibi, ni mimi. Huna ugonjwa wowote. Ni maziwa. Supu ilikuwa na krimu. Na ule mchuzi sikujua ni wa nini, nikasema wa limau. Yule mhudumu sikumwelewa hata kidogo. Mjomba naye nimemdanganya."

Bibi alivuta shuka mpaka kifuani. Mabomba yalinguruma. Chiriku alisubiri kofi, au kelele, na angeshukuru kupata kimojawapo.

"Ulijua lini kwamba ni krimu?" aliuliza Bibi hatimaye.

"Nilipoonja. Ulikuwa umefika nusu."

"Na ukaniacha nimalize."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Nilikwisha kusema kwamba ninajua."

Bibi alijiinua kwa kiwiko, akapumua kwa shida. "Nimekasirika," alisema. "Nikipata nguvu nitakasirika vizuri zaidi. Sasa inua hiyo simu, umwite daktari arudi. Useme wewe mwenyewe, yote, bila kupunguza."

Chiriku alibonyeza tarakimu moja moja. Sauti ilipoitika haraka haraka, alijikaza. "Tafadhali sema polepole. Sijaelewa."

Maneno hayo alikuwa akiyajua tangu darasa la nne. Ndiyo kwanza alikuwa akiyatumia.

Daktari alirudi, akaangalia mgongo wa Bibi, akasikiliza. Aliuliza tena, na Chiriku aliposhindwa na neno alisema ameshindwa. Daktari hakumgombeza. Alimpa Bibi dawa ya vipele, kisha akamwita mpishi mkuu.

Mpishi mkuu alikuwa mama mnene mwenye kofia nyeupe iliyomlalia upande. Alisimama mlangoni na daftari. Chiriku hakujua maneno yote ya kumweleza, kwa hiyo aliomba kalamu. Alichora ng'ombe, kuku na samaki, kisha akawakata wote kwa mstari. Ng'ombe alifanana na kiti. Mpishi alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akaongeza mchoro wake: nyuki. Akainua nyusi kuuliza.

"Bibi, anauliza kama unakula asali."

"Mwambie asali tuwaachie nyuki, wameitolea jasho."

Mpishi aliandika. Kisha alisema jambo refu, na Chiriku akamwomba alirudie mara mbili mpaka akalishika. Akamgeukia Bibi.

"Anasema jikoni wanao watu wengi wanaokula kama wewe. Wanawapikia kila siku, mradi waambiwe jioni ili wajiandae. Na anasema..." Alipunguza sauti. "Anasema siku ile ya kwanza, mhudumu alikuwa akiuliza hilo hilo. Aliuliza kama kuna chakula usichokula. Nami nikajibu hapana."

"Ahaa," alisema Bibi. "Hilo nalo umelifasiri vizuri."

Jioni hiyo sinia lilikuja na viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu na supu nyepesi ya dengu isiyo na tone la maziwa. Bibi alikula kidogo, akalala usingizi mzito. Chiriku alimpigia Mjomba, akamwambia kila kitu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Umeniudhi sana, Chiriku. Lakini ni heri umesema leo kuliko kesho." Maneno yalimchoma, ila kile kilichomkalia kifuani kilianza kuondoka.

Asubuhi meli ilitia nanga. Bibi hakutapika tena, wala hakushushwa. Siku iliyofuata daktari alibandua karatasi nyekundu, na kipaza sauti kikatangaza kwamba meza ya saladi imefunguliwa. Chiriku alikwenda kwa yule mhudumu mrefu, akamwomba radhi. Mhudumu alimwambia kwamba alipoanza kazi, naye alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa maswali asiyoyaelewa, na siku moja alimletea mgeni kahawa tano.

Mjomba aliruhusiwa kukaa nao mezani kwa nusu saa, mikono yake ikinukia sabuni ya mitambo. Bibi alikuwa na sahani iliyojaa kabichi nyekundu, matango, dengu na karanga, vimenyunyiziwa mafuta na limau. Safari hii limau lilikuwa la kweli, Chiriku aliulizia kwanza.

"Nisikilize, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Neno usilolijua halikunidhuru. Watu wazima wengi hawalijui, hata mimi silijui. Kilichoniumiza ni wewe kujifanya unalijua, na baada ya hapo kunitazama naugua huku ukificha aibu yako. Kuuliza kungekugharimu dakika moja ya kuona haya mbele ya foleni. Uongo umetufungia siku nne, na watu wote humu wamekosa saladi. Mtu akikukabidhi afya yake, mwambie ukweli hata kama ukweli wenyewe ni 'sijui'. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bibi."

"Bado ninakuamini. Lakini imani imepungua kidogo, utaijaza taratibu." Bibi alielekeza uma kwenye bakuli jipya lililowekwa mwisho wa meza ya saladi. "Haya, nenda kaniulizie lile lina nini. Foleni ni ndefu, waache wasubiri."

Chiriku aliinuka, akaenda kuuliza.