Aliyezikwa kwa Jina la Muhigirwa

Jioni ile Ntabaza hakuwa na kazi kubwa kule Nkanka. Alikwenda kung'oa msalaba tu.

Alishuka kwenye pikipiki, msumeno mdogo ndani ya gunia. Yeye ni fundi seremala mjini Kamembe, na msalaba wenyewe aliuchonga kwa mikono yake. Uliandikwa jina la mdogo wake, Muhigirwa. Na Muhigirwa alikuwa hai, juu tu ya shamba la migomba, nyumbani kwa mama yao, anaota moto.

Ilikuwa hivi. Muhigirwa alikwenda vitani ng'ambo, Kongo, habari zikakatika. Mama yao, Nyiransabimana, akaacha kula. Kila gari lililosimama barabarani alilikimbilia, akachungulia sura za watu mpaka wakamwonea haya. Mwishowe ikaletwa maiti, uso umeharibika, Ntabaza akaitwa mochari kuitambua.

"Ndiyo," alisema. "Ni yeye."

Wakazika kwenye migomba. Mama akalia, akalala usingizi, akaanza kula. Miaka ikapita. Halafu mwaka huu, mvua zilipokatika, Muhigirwa akatokea mlangoni akichechemea kwa fimbo, ametoka msituni.

Kwenye faili lake la jeshi alikuwa marehemu. Marehemu hatibiwi mguu, wala hapewi cheti cha askari mstaafu. Ili faili lirekebishwe, ilibidi aliyeitambua maiti aje aseme alikosea. Ndipo asubuhi ya siku ile Ntabaza akaketi mbele ya karani mmoja wa jeshi mjini, Maman Véronique.

"Sura ilikuwa imeharibika, Maman. Nilichanganya."

"Sawa, Papa. Na ule mulizika, ni nani?"

"Sijue."

"Hakukuwa na kitu ku mwili? Alama? Hata kidogo?"

"Hapana."

Véronique akalipiga mstari neno "marehemu", akagonga muhuri. "Basi mutoshe ule musalaba, muung'oe. Muntu muzima hana kaburi."

Lakini kitu kilikuwepo.

Maiti ile ilikuwa imevaa bangili ya shaba, imekwaruzwa maneno kwa ncha ya msumari: *Feza ananingoja.* Shuka lilipofunuliwa tu, Ntabaza alijua huyu si ndugu yake. Mabega yalikuwa mapana mno. Akamkumbuka mama yake kule barabarani. Mhudumu alipogeuka, akaivua bangili, akaitia mfukoni. Siku ya mazishi aliitupa ziwani. Feza alikuwa mama, mke au binti? Hakuuliza. Jina lile ni la watu wa ng'ambo, na Bukavu iko pale, unavuka daraja tu. Hakuuliza.

Sasa alisimama mbele ya kaburi. Jua lilikuwa limezama upande wa Kongo, na wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wakitoka na mitumbwi yao, wakiimba. Akaushika msalaba, akavuta.

Haukutoka.

Akavuta tena. Ulikuwa kama umeshikwa upande wa pili.

Nyimbo za wavuvi zikakatika, ghafla, katikati ya neno. Majani ya migomba yakatulia. Na msalaba ukaachiwa... ukatoka wenyewe, mwepesi, akaanguka nao chali. Harufu ikapanda kutoka kwenye shimo. Dawa ya mochari.

"Papa... pole na kazi."

Mtu alisimama kati ya migomba. Koti la jeshi. Mabega mapana. Kilikuwa kiangazi, vumbi tupu kila mahali, lakini koti lilikuwa linatiririka maji. Uso haukuonekana.

"Wewe nani?" Ntabaza alinong'ona.

"Nilikuwa Muhigirwa." Sauti ilikuwa ya chini, ya adabu. "Mama alikuwa ananiita vile, akileta maua. Leo asubuhi bamenitosha mu ile jina. Sasa niko nani?"

Mtu yule alikuwa akisugua kifundo cha mkono wake wa kushoto, taratibu, kama anayetafuta kitu.

"Njia ya kwetu nilikuwa nayo hapa," alisema. "Ulinivua."

Ntabaza alikimbia. Aliparamia mteremko wa shamba kwa magoti na mikono, akaanguka, akainuka, nyumba iko mbele, mlango umefungwa.

"Muhigirwa! Muhigirwa, fungua!"

"Karame!"

Mwitikio wa mtoto aliyelelewa vizuri anapoitwa. Ulitoka nyuma yake, kwenye migomba.

Mlango ukafunguliwa. Ndugu yake alisimama pale na fimbo, amekunja uso. "Yaya," alimwita kaka yake, "uko na nani?"

Kesho yake Ntabaza alirudi kwa Véronique akamweleza bangili, akamweleza ziwa. Karani alichukua kalamu. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Akaandika.

"Feza ni bengi, Papa," alisema. "Ungesema ile siku, bangeuliza benzake. Leo benzake bako wapi?"

Ntabaza akaanza kuvuka kwenda Bukavu kila alipopata nafasi. Aliuliza sokoni, makanisani, kwa wanawake wanaobeba mizigo mpakani. Wengine walicheka. Mmoja, mzee, alimshika shati asitake kumwachia, mpaka ikajulikana kwamba mwanawe yeye alizama mtoni. Hakumpata Feza.

Cheti cha Muhigirwa kikatoka, na hospitali ikampokea atibiwe mguu. Mama yao akataka wale chakula pamoja. Jioni, watoto wa jirani wamekwisha kwenda kwao, akapakua ugali na sambaza, akaita kama mama yeyote anavyoita:

"Muhigirwa! Kuya kula!"

"Karame," aliitika Muhigirwa, akijikokota kutoka chumbani.

"Karame," iliitika sauti nyingine, huko nje.

Muhigirwa aliinamisha kichwa, macho yake kwenye moto. Hakushtuka. Wala mama hakushtuka. Alichukua sahani nyingine, akaipangusa kwa kitenge chake.

"Anaitikaka kila magharibi," alisema. "Tangu ulitosha musalaba. Siku ya kwanza niliogopa. Lakini ni mimi nilimulilia, Ntabaza. Machozi yote ile ilikuwa yake."

Akaiweka sahani karibu na moto.

"Wewe ulijua?"

Ntabaza aliangalia chakula. Mama akangoja, kisha hakungoja tena.

Nje, nyayo zilipanda kutoka shambani. Nzito. Zenye maji. Zilikuja mpaka kizingitini zikasimama, kama mgeni asiyependa kuingia bila kukaribishwa. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango.

"Siwezi kumwita Muhigirwa tena," mama alisema polepole. "Muhigirwa ni huyu. Wewe ndiye ulimuleta hapa. Mwite jina yake, aingie."

Ntabaza alifungua mdomo. Jina alilolijua lilikuwa moja tu, Feza, na halikuwa la mtu yule.

Nyuma ya mlango, mtu alikuwa amezuia pumzi, anasikiliza.