Waliobaki Chini ya Ngazi

Kila Jumatano, seremala alifunga karakana yake mapema. Alijipangusa vumbi la mbao, akanawa mikono, kisha akaingia ndani kumchukua mke wake.

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa mfumaji wa masweta. Miaka minne nyuma aligongwa na gari, akapoteza nguvu za miguu. Mikono ilibaki mizima. Ulimi nao ulibaki mzima, tena sana. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya mashine ya kufumia, kra-kra-kra, asubuhi mpaka jioni. Nusu ya watoto wa shule ya jirani walivaa kazi ya mikono yake.

Jumatano ilikuwa siku ya kwenda kituo cha huduma za jamii. Hapo walikutana watu wenye ulemavu wa viungo. Mtaalamu wa mazoezi aliwanyoosha mikono na migongo. Aliwafundisha namna ya kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kuanguka. Baada ya mazoezi walipiga soga. Mama Pacha alikuwa akisema, "Mazoezi yananisaidia mgongo. Soga zinanisaidia kila kitu kingine."

Zamani huduma hiyo ilikuwa chini. Kisha chumba cha chini kikajazwa mafaili, na huduma ikahamishiwa ghorofani. Ngazi zilikuwa ishirini na nne. Lifti haikuwapo.

Seremala hakuona tatizo. Alikuwa na mabega mapana. Alichuchumaa, akampa mke wake mgongo, akambeba mpaka juu. Halafu alishuka kufuata kiti. Watu waliokuwa kwenye foleni walimshangilia.

"Huyo ndiye mume!" walisema wanawake.

Wakambandika jina: Bwana Mabega. Yeye alijifanya hasikii, lakini aliposhuka alitembea kifua mbele.

 Mama Pacha, kila alipobebwa, alifumba macho. Mume wake alidhani anaogopa kutazama chini.

Jumatano moja mvua ilinyesha. Ngazi zililowa kwa viatu vya watu. Karibu na juu, mguu wa seremala uliteleza. Alidaka chuma cha pembeni kwa mkono mmoja. Goti lake lilipiga ngazi, na kiwiko cha mke wake kikagonga ukuta. Wakakaa hapohapo kwenye ngazi, wote wawili wanahema.

"Umeumia?" aliuliza seremala.

"Kiwiko tu."

"Pole, mke wangu. Wiki ijayo nitapanda polepole zaidi."

"Wiki ijayo siji," alisema Mama Pacha. "Nirudishe nyumbani."

 Walipofika nyumbani, seremala alimgeukia.

"Ni ngazi tu, Mama Pacha. Mimi sichoki."

"Najua huchoki. Mimi ndiye niliyechoka."

"Umechoka na nini?"

"Kubebwa kama gunia mbele za watu. Gauni linapanda, kiatu kinadondoka, na watu wanapiga makofi. Wanakupongeza wewe, Baba Pacha. Mimi hata salamu sipewi."

 Seremala alitoka akaenda karakana. Akachukua randa, akaanza kulainisha ubao uliokuwa umekwisha kulainika.

Wiki tatu zikapita. Mama Pacha alifanya mazoezi peke yake, lakini mengine yalihitaji mtaalamu. Mgongo ukaanza kumuuma. Mashine ya kufumia ilinyamaza kabla ya adhuhuri. Hata binti zao pacha walijua: mama akikaa kimya, nyumba haina raha.

Ndipo akaja Bi Mihuri.

Bi Mihuri alikuwa jirani yao, afisa ustawi wa jamii aliyestaafu. Alipata jina hilo kwa sababu hakuiamini karatasi isiyo na muhuri. Watu walimtania kwamba hata kadi ya harusi yake aliigonga muhuri. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Nimepita kituoni," alisema. "Wamebandika tangazo. Nimelinakili." Akafungua daftari, akasoma: "Kwa kuwa mahudhurio yamepungua, huduma ya mazoezi ya Jumatano itasitishwa mwisho wa mwezi ujao."

Mama Pacha aliweka chini uzi wake.

"Mahudhurio yamepungua? Si wao waliotupandisha juu?"

"Wao wanaona daftari la mahudhurio," alisema Bi Mihuri. "Zamani mlikuwa ishirini na wawili. Sasa wanaofika ni watano. Ofisi inasema watu hawaihitaji huduma."

Seremala alisimama. "Naenda sasa hivi kumpa mkuu wa kituo vidonge vyake!"

"Kaa, baba," alisema Bi Mihuri. "Nilifanya kazi ofisini miaka thelathini. Watu wengi walikuja kufoka. Walitoka mioyo imepoa, na jambo lao likabaki palepale. Ukitaka ofisi ibadilike, ipe kitu cha kushika mkononi."

"Kitu gani?"

"Barua fupi. Iseme mambo manne. Moja, nini kimetokea. Mbili, kimewapata watu gani, na wangapi. Tatu, mnaomba nini hasa. Nne, mnataka majibu lini. Matusi yasiwemo. Chumvi isiongezwe."

"Hilo la pili hatulijui," alisema Mama Pacha. "Hatujui kwa nini wengine waliacha."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Waulizeni."

Kesho yake Mama Pacha alivaa sweta lake jekundu, lile la kutokea. Alipakata daftari. Seremala alisukuma kiti. Walipita nyumba moja baada ya nyingine kwa siku nne. Walioacha kuja walikuwa kumi na saba, Mama Pacha akiwa mmoja wao. Wengine kumi na sita walitafutwa, na waliohama waliulizwa kwa simu.

Fundi wa mabati mwenye mguu mmoja alisema, "Nilipanda mara mbili. Mara ya pili nilishuka kwa makalio. Mtu mzima mimi!"

Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka kumi asiyetembea. "Alikuwa mwepesi, nikimbeba," alisema. "Watoto wanakua. Mgongo wangu haukui."

Mzee mmoja alicheka. "Mimi msiniandike kwenye ngazi. Mimi mazoezi yamenichosha. Yule mtaalamu ananikunja kama kiti cha sherehe."

Nje, seremala alisema, "Huyo tumwandike ngazi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu Mama Pacha. Akaandika: Mmoja, amechoka mazoezi.

Hesabu ilipokamilika ilikuwa hivi. Wawili walihama. Mmoja alipona. Mmoja alichoka mazoezi. Kumi na watatu walishindwa na ngazi.

Seremala alilitazama daftari kwa muda mrefu. Alikuwa amepanda ngazi zile miezi mingi. Hakuwahi kujiuliza wale wengine wako wapi.

Naye alipata kazi yake. Alikwenda kituoni na futi ya kupimia. Mlango wa chumba cha mafaili ulikuwa na upana wa sentimita tisini. Kiti kinapita bila taabu. Ila kizingiti kilikuwa juu kwa sentimita kumi na tano.

"Nitatengeneza njia ya mteremko," alisema. Jioni ileile alipiga misumari mbao fupi, akamwita mke wake aijaribu.

Mama Pacha alishika magurudumu, akasukuma. Kiti kilipanda kidogo, kikarudi nyuma na kumkanyaga seremala vidole.

"Hiyo si njia, ni ukuta uliolala," alisema Mama Pacha. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akacheka mpaka machozi.

Bi Mihuri alikuja kuona. "Kila sentimita moja ya kupanda, weka sentimita kumi na mbili za urefu," alisema. "Hapo mtu atajisukuma mwenyewe."

Seremala alipiga hesabu. Kumi na tano mara kumi na mbili: sentimita mia na themanini. Alitengeneza upya, akaweka na kingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Mama Pacha alishika magurudumu tena. Alipanda, akageuka, akashuka. Akapanda tena. Hakuna aliyemgusa.

Barua waliiandika mezani, pacha wakisahihisha herufi:

"Kwa Mkuu wa Kituo. Huduma ya mazoezi ilihamishiwa ghorofani, ambako hakuna lifti. Tumewatafuta watu kumi na saba walioacha kuja. Wawili wamehama, mmoja amepona, mmoja amechoka mazoezi, na kumi na watatu wameshindwa kupanda ngazi. Tunaomba huduma irudishwe chumba cha chini, na mlangoni pawe na njia ya mteremko. Vipimo tumeambatisha. Tunaomba majibu ndani ya siku kumi na nne. Tunashukuru."

Walioweza waliweka saini. Wengine waliweka dole gumba.

"Toeni nakala," alisema Bi Mihuri. "Karani aigonge nakala yenu muhuri wa tarehe. Bila hivyo, kesho mtaambiwa barua haikufika."

Walipofika kituoni, seremala alitaka kuipandisha barua mwenyewe.

"Ngoja," alisema Mama Pacha. "Mwambie karani mteja wake yuko chini."

Karani alishuka ngazi zote ishirini na nne. Aliipokea barua, akataka kuondoka.

"Nigongee muhuri kwenye nakala yangu, tafadhali, mwanangu."

"Muhuri uko juu, mama."

"Nitasubiri."

Karani alipanda, akashuka tena. Jasho lilimtoka. Aligonga muhuri, akaegemea ukuta.

"Kumbe hizi ngazi ni nyingi hivi," alisema.

"Umeona, eeh?" alisema Mama Pacha.

Siku ya kumi, mkuu wa kituo aliita kikao. Kwa kuwa wenye barua hawakuweza kupanda, kikao kilifanyika chini, katikati ya makabati ya mafaili. Walikuja kumi na wanane. Seremala alikuwa amejiandaa. Usiku wa jana alikuwa amepanga maneno yake yote kichwani.

Mama Pacha alimvuta mkono mlangoni. "Leo mimi ndiye nitakayesema. Wewe kaa karibu yangu."

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole mwenye kazi nyingi. Alifungua daftari la mahudhurio.

"Ndugu zangu, sikuwa na nia mbaya," alisema. "Daftari linaonyesha watu watano. Siwezi kumlipa mtaalamu kwa ajili ya watu watano."

Mama Pacha aliinua uso. 

"Mheshimiwa, daftari lako linahesabu waliopanda. Waliobaki chini ya ngazi haliwaoni. Sisi ndio hao. Tuhesabu."

Mkuu akatazama. Akamwona fundi wa mabati na gongo lake. Akamwona mama na mwanawe mapajani.  Seremala alihisi maneno yake yamepanda mpaka kooni. Akayameza. Hayakuhitajika tena.

"Mbona mtu mmoja mmeandika amechoka mazoezi?" aliuliza mkuu, akisoma barua.

"Ni kweli amechoka. Tumeandika ya kweli yote, ili hao kumi na watatu uwaamini."

Mkuu alitabasamu. Akamgeukia karani. "Haya mafaili yanaweza kukaa juu?"

Karani alijibu haraka kuliko wote. "Yanaweza, mkuu! Nitayapandisha mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko.

Haikuwa kazi ya siku moja. Ilichukua wiki tano na barua ya pili ya kukumbusha, nayo ikagongwa muhuri. Lakini tangazo lilibanduliwa. Mafaili yalipanda, huduma ikashuka. Seremala aliweka mteremko wake wa mbao, na baadaye kituo kikajenga wa saruji kwa vipimo vilevile.

Jumatano ya kwanza walifika watu kumi na tisa. Hata yule mzee aliyechoka mazoezi alikuja. Alisema amekuja kutazama tu. Dakika tano baadaye alikuwa amelala mkekani, anakunjwa, anapiga kelele.

Mama Pacha alifika kwenye mteremko, akamwambia mume wake, "Niachie hapa." Akashika magurudumu, akapanda taratibu, akaingia. Mlangoni mama mwenye mtoto alimpokea kwa salamu ndefu. Seremala alibaki nje, mikono haina kazi. Alijaribu kuitia mfukoni, ikamshinda. Macho yalikuwa yamemlowa, naye hakujali nani anamwona.

Mgongo wa Mama Pacha ulipata nafuu. Mashine ikarudi kulia mpaka jioni. Kikundi kikamchagua kuwa msemaji wake. Zahanati nayo ikamwita akatazame mlango wao, kisha shule.

Asubuhi moja seremala alikuwa karakana, anapima fremu ya dirisha. Mwanamume mmoja mgeni alisimama mlangoni. Alikuwa amemsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu kutoka mtaa wa mbali. Walionekana wamechoka, na vumbi limewajaa miguuni.

"Samahani, kaka," alisema. "Ofisi ya mtaa wetu nayo ina ngazi. Tumeambiwa huku kuna mama anayejua kuandika barua zikajibiwa. Ni hapa kwake?"

Seremala aliweka futi mezani. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake.

"Ni hapa," alisema. "Ametoka kidogo, ana kikao. Karibuni mkae. Mimi ni mume wake."