Zamu ya Jumapili

"Hii rangi gani?" mtafiti aliuliza.

Mchumba wake, ambaye maabara nzima ilimwita Miwani, aliitazama sahani ya plastiki kama mshtakiwa anayeonyeshwa kisu.

"Manjano."

"Na inatakiwa iwe?"

"Waridi."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kwa wiki sita mwanamke yule alikuwa akikuza seli changa za ubongo katika vishimo tisini na sita vya sahani hiyo, apate kujua kama dawa moja ya wadudu inazuia ubongo wa mtoto kukua. Seli hizo hunyweshwa maji ya lishe yenye rangi ya waridi. Yakigeuka manjano, ujue zimeachwa na njaa. Alikuwa amechoka hata kope zilimuuma.

"Labda ni ile dawa," Miwani alisema.

"Hata vishimo visivyotiwa dawa vimekufa."

Miwani akainamisha kichwa, kwa heshima ya marehemu.

"Zamu ya jana ilikuwa yako. Daftari linasema umezilisha saa nne, na sahihi yako hii hapa, ina madaha kama ya waziri."

"Nilisaini Ijumaa, nisije nikasahau."

"Kusaini hukusahau."

Simu ya mtafiti ikatetemeka. Ujumbe wa baba yake: "Mwanangu, kijana wako alishinda hapa jana akiomba kukuoa. Ameongea mpaka mama yako akasinzia. Nimekubali ili anyamaze."

Aliusoma mara mbili, akakaa.

"Ulikwenda kwetu?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

"Mpenzi, tuandike tu kwamba dawa imeziua. Nani atajua?"

Mtafiti alivua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Nimechoka, mwenzangu. Siwezi kuolewa na mtu ambaye akisema amemlisha mtoto, itabidi niamke nikakague."

Miwani alichukua kalamu, akaipiga mstari sahihi yake, akaandika chini yake: "Sikulisha. Nilidanganya." Akalipeleka daftari kwa mkuu wa maabara. Kupitia mlango wa kioo mtafiti alimwona akikaripiwa dakika ishirini, miwani ikimdondoka mara mbili.

Alirudi amenywea.

"Tunaanza upya. Jumapili zote sita ni zangu."

"Na mimi nitalala. Baba amekubali, jibu langu utalipata wiki ya saba."

Jumapili ya kwanza, saa nne asubuhi, simu ilitetemeka chini ya mto.

"Nimezilisha. Nikutumie picha?"

Aliutazama ujumbe kwa jicho moja, lile lililokuwa limeamka.

"Usitume," aliandika. "Nimekuamini. Zimebaki tano."

Akageukia ukutani, akalala.