Kinachomkaba Rannvá Usingizini

Rannvá hakuwa na hedhi ya kutabirika. Hakuwa na kidevu laini kama cha dada zake. Hakuwa na nguvu asubuhi, hata akilala mapema. Kazi alikuwa nayo: kuendesha basi la shule kupitia handaki lililo chini ya bahari.

Siku moja alisinzia humo handakini. Tairi likagusa ukingo. Watoto wakang'ang'ania viti. Aliwafikisha salama, kisha akarudisha funguo shuleni.

"Siendeshi tena mpaka nijue nina nini," alimwambia mumewe, Hanus.

"Usiku unakoroma, kisha kimya," alisema Hanus. "Nasubiri pumzi, haiji. Halafu unashtuka kama mtu aliyeachiwa koo."

"Ni Marra huyo," alisema mama mkwe, Sunnvá. Kwetu visiwani Faroe, wazee husema Marra ni jinamizi la kike linalokalia kifua cha aliyelala. Sunnvá alifunga kisu kitambaani, akakizungusha mwilini mwa Rannvá ili kumfukuza Marra.

"Mama, usinichome. Marra atacheka."

"Atachekea nje."

Usiku huo kimya kilirudi. Hanus aliwasha taa. Kifua cha mkewe kilihangaika kupanda na kushuka, lakini pumzi haikupita. Juu yake hapakuwa na mtu.

Kulipokucha wakaenda kwa jirani yao Bergtóra, muuguzi, wakamweleza yote.

"Una ndevu?" aliuliza Bergtóra, akimtazama kidevu.

"Hanus ananiazima wembe. Daktari alisema nina ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Nikadhani ni mambo ya uzazi tu."

"Hapana, dada. Homoni zikivurugika, usingizi nao huweza kuvurugika. Wenye ugonjwa huu huzibwa koo usingizini zaidi ya wanawake wengine, hata wasio wanene. Pumzi ikikatika, ubongo unakuamsha, tena na tena. Ndiyo maana unaamka umechoka. Nenda ukapimwe."

"Kumbe kisu changu hakifai?" aliuliza Sunnvá.

"Kinafaa kwa nyama ya kondoo, mama."

Hospitali ilimpa kifaa cha kupima usingizi, alale nacho nyumbani. Majibu yalikuwa kama alivyosema Bergtóra. Akapewa barakoa ya kulalia, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Mwanzoni Hanus alikaa macho, akikisubiri kile kimya. Hakikuja. Hatimaye naye akalala.

Daktari alipompima tena na kumruhusu kuendesha, Rannvá alimwandikia mwalimu mkuu: "Nilisinzia kwa sababu ya ugonjwa. Sasa natibiwa. Naomba nirudishiwe basi na watoto wangu." Akatia na cheti cha daktari.

Sunnvá alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi. Akavaa buti, akaipeleka posta mwenyewe.