Namba ya Kuamkia

Enzi zile, kabla simu hazijajaa kila mfuko, mtu wa Saltpond, mji wa pwani ya Ghana, aliyetaka kumwandikia mwanawe aliyeko ng'ambo alikwenda chumba cha kompyuta cha Nana Efuwa. Kila asubuhi mjukuu wake Araba, msichana wa miaka kumi na miwili, alifagia kabla ya kwenda shule. Bibi naye aliwasha kompyuta iliyounganishwa na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, na maneno yakatokea kwenye skrini: "Efuwa, umekula?"

Marehemu mumewe, Nana Ato, ndiye aliyeyaandika kwenye kumbukumbu ya ruta siku alipoiweka. Bibi alijibu, "Bado, Ato," kisha akaketi kunywa uji wake wa mahindi. Ah, asubuhi zile zilikuwa tamu!

Araba alikatazwa kuigusa ruta. Lakini Jumamosi moja, bibi akiwa uani anakaanga samaki, alitaka kumringia rafiki yake Baaba, aliyekuja kucheza, kwamba anaweza kuifungua ruta. Nywila hakuijua, akafungua daftari la babu. Liliandikwa: ukisahau nywila, badili namba ya kuamkia, ruta iamke bila kusoma kumbukumbu yake. Ikishaamka, isomeshe kumbukumbu kwa mkono. Mwisho, kwa wino mwekundu: rudisha namba ya zamani.

Araba alifuata yote, na Baaba akabaki mdomo wazi. Ule mstari mwekundu tu ndio uliobaki, maana bibi aliwaita kula samaki na madonge ya unga wa mahindi: "Njooni, kenkey inapoa!"

Jumatatu alasiri umeme ulikatika. Uliporudi, ruta iliamka kama mtoto mchanga, haijui jina lake wala kazi yake. Intaneti hakuna, salamu hakuna.

"Fiifi!" Bibi alimgeukia fundi wake. "Wewe ndiye uliyeishika jana. Umemfuta mume wangu!"

"Haki ya Mungu, Nana, nilifuta vumbi tu!"

"Vumbi gani linaondoka na maneno ya mtu?"

Wateja mlangoni wakaguna. Araba aliinama, akajifanya anafagia. Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Basi, iandikie maagizo upya. Aliyekwenda amekwenda."

Fiifi aliandika kwa uchungu, mstari baada ya mstari. Araba alijua kutoka daftari la babu kwamba Fiifi akihifadhi tu, mapya yataandikwa juu ya ya zamani, na babu atapotea kweli.

"Kaka Fiifi, usihifadhi!" alilia. "Ni mimi! Nilibadili namba ya kuamkia, sikuirudisha!"

"Lo! Kumbe kumbukumbu ipo, inarukwa tu!" Fiifi alishika kichwa. "Na mimi nimekurupuka bila kuitazama namba."

Aliirudisha, akazima, akawasha. Wakasubiri. Hata wateja walisogea karibu na skrini.

"Efuwa, umekula?"

Bibi alishika meza. "Bado, Ato," alisema, na machozi yakamtoka tena. Kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Yamekwisha, Nana."

Akamvuta Araba karibu. "Kugusa ulichokatazwa ni kosa, mjukuu wangu. Kunyamaza mwenzako akibebeshwa kosa lako ni kubaya zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo umesema kabla hatujachelewa, na nakushukuru. Ila kazi ukiianza, ifikishe mstari wake wa mwisho, hata kama kenkey inapoa."