Muhuri wa Ufutio

Kila Jumamosi, akimaliza kufua sare, Buppha aliketi barazani na kisu chake kidogo akichonga matunda. Tikiti liligeuka waridi, papai likawa jani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini walimu walimwita kupamba meza za sherehe.

Siku hiyo Krit, kaka yake wa miaka kumi na tisa, alimletea ufutio mkubwa na cheti chake cha chuo cha mwaka uliopita. "Mdogo wangu, nichongee muhuri kama huu. Fomu ya baba imekuja kutoka Uswisi."

Baba yao, mzee Ueli, alikuwa Mswisi mstaafu aliyehamia Udon, Thailand, akamwoa mama yao. Kwao Uswisi waliendelea kumlipa pensheni, na kumwongezea kidogo kwa ajili ya kila mtoto. Lakini mtoto aliyepita miaka kumi na minane alihesabiwa iwapo tu bado anasoma, na muhuri wa chuo kwenye fomu ndio ushahidi.

"Kwani wewe husomi?"

"Niliacha kitambo, siku hizi napiganisha majogoo. Usinitolee macho! Wazungu wana hela, hawatapungukiwa."

Kumbe asubuhi zote alizoondoka na sare ya chuo alikwenda kupiganisha majogoo! Buppha alichukia. Lakini kaka ni kaka. Akachonga, herufi zote kinyumenyume, na muhuri ukatoka safi.

Wakati wa chakula mzee Ueli aliiinua fomu. "Mama Krit, hebu ona! Mwanao hakosi darasa." Akampa Krit paja la kuku.

Krit alilipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akatafuna. Buppha aliyaona mafuta yakimchuruzika kidevuni. Akaitazama mikono yake mwenyewe, nayo ikamtia kinyaa.

"Baba, muhuri huo nimeuchonga mimi. Kaka hasomi."

"Mnafiki wewe!" Krit alifoka.

"Mnafiki ni anayevaa sare kila asubuhi kutudanganya," mama alimkatiza. "Njia ya mwongo ni fupi."

Mzee Ueli aliichana fomu, akaandika barua Uswisi kwamba Krit ameacha chuo. Jumatatu Krit alianza kuosha vipuri gereji.

"Kule hawaijui sura yangu," mzee alimwambia Buppha, "wananijua kwa karatasi. Wakikuta uongo mmoja, hata ukweli wako hawatauamini, na wewe bado una miaka ya kusoma. Una mkono hodari, mwanangu. Mkono huo huo ndio unaoutumia kula wali. Usiuchafue."