Bomba Bovu na Bustani ya Sukuma Wiki

Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba yao kuukuu mjini Pearland, ughaibuni, Everline aliosha vyombo huku baba yake, Bwana Dedan, akikwangua kadi ya simu ili azungumze na fundi aliyekuwa akimjengea nyumba kwao Nyahururu. Jumamosi hii walijadili vigae vya choo. Alivyokuwa mkali kuhusu rangi, ungedhani anahamia kesho.

Everline alipofungulia maji ya sinki, choo kilikoroma, na maji meusi yanayonuka yakaibuka ndani ya beseni la kuogea. Akamwita baba. Bwana Dedan alikata simu kwa hasira, akamlaumu kwa kumwaga maji mengi, kisha akatoka uani.

Huo ulikuwa uonevu mtupu, maana tatizo alilijua vizuri. Mwezi uliopita fundi bomba aliingiza kamera ndogo kwenye bomba la majitaka, akamwonyesha chuma kilicholiwa na kutu na mizizi ya mti iliyopenya ndani. Alisema bomba lote libadilishwe. Bwana Dedan akamfukuza kama mwizi. Mkewe, Bi. Immaculate, ambaye ni muuguzi, alimsihi wee mpaka akachoka, akamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jibu halikubadilika: nyumba yao iko Nyahururu, hii ni ya kupitia tu, na yeye hawezi kufukia pesa kwenye udongo wa watu. Tangu siku hiyo hawakusemezana, hata wakiwa meza moja.

Kupitia dirishani, Everline alimwona baba akifungua kifuniko cha bomba la majitaka, kama alivyozoea kufanya mama akiwa kazini. Majitaka yakatiririka hadi kwenye bustani ya sukuma wiki. Kisha akamwagia maji ya mpira kila mahali ili harufu ipungue. Aliporudi ndani alimnyooshea binti yake kidole.

"Mama yako akijua, utanitambua," alisema.

Mama alirudi kutoka zamu ya usiku, akaenda moja kwa moja bustanini na mfuko. Alichuma majani makubwa, mabichi, ya kumpelekea Mama Ngugi, rafiki yao wa kanisani aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji. Wangekwenda kumwona mtoto siku hiyo, na mtu haendi kumwona mtoto mikono mitupu. Aliuweka mfuko mezani. Everline alimwogopa baba yake mno. Lakini alimfikiria Mama Ngugi, mwenye kidonda kibichi, akiyakatakata majani yale kisha kumbeba mtoto mchanga. Baba alikuwa amemkodolea macho.

"Mama, usiyapeleke," alisema. "Baba humwaga majitaka bustanini."

Bwana Dedan alipiga meza kwa kiganja, akauliza ni mtoto gani huyu anayemchongea baba yake mzazi. Mama alivaa glavu zake za kazini, akakata majani machache, akayakaanga kwa vitunguu na nyanya. Akasonga ugali, akamwandalia mumewe sahani.

"Kula, Baba Everline," alisema. "Ulikuwa tayari Mama Ngugi ale. Anza wewe."

Bwana Dedan aliitazama sahani. Mkono wake haukugusa hata tonge. Everline alimwonea huruma, ingawa si sana. Hatimaye baba aliisukuma sahani kando, akainua simu na kumwomba fundi bomba yule yule aliyemfukuza arudi.

Mafundi walichimba uani mpaka chini ya jikoni. Sukuma wiki yote iling'olewa na kutupwa, na ujenzi wa Nyahururu ukasimama. Siku zote hizo baba alinuna, asimsemeshe Everline hata neno moja, na jambo hilo lilimuuma mtoto.

Bomba jipya lilipokamilika, mama alimketisha Everline jikoni, baba akiwa papo hapo.

"Mwanangu, siri inayoweza kumtia mtu ugonjwa haitunzwi," alisema, "hata kama aliyekuamuru uitunze ni mzazi wako."

Everline alimtazama baba kwa hofu. Bwana Dedan alikuwa ameinamisha kichwa.

"Msikilize mama yako," alisema polepole. "Ningemuua mtoto wa watu kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna anayelala ndani yake."